Samaki wa Bwana wa Reli Walivyoacha Kupigana

Haya sikuhadithiwa na mtu, wala sikuyaota kwa homa. Niliyaona kwa macho yangu, hapa hapa Dodoma, mchana ukiwa bado haujaisha. Nimejaribu kuyasimulia kwa mdomo nikashindwa, maana mbele za watu ulimi wangu hunata. Kwa hiyo naandika, polepole, kwa herufi nilizofundishwa na wamisionari kabla baba hajaniita nyumbani kuchunga. Na wewe soma polepole, kisha uamue mwenyewe.

Nilikuwa nikifanya kazi katika nyumba ya Mdachi mmoja aliyesimamia ujenzi wa reli. Kazi yangu ilikuwa samaki. Usicheke. Bwana alikuwa amerudi kutoka ziwa la Tanganyika na samaki hai ndani ya madebe, jamii ya perege lakini wadogo kama kiganja, wengine wa mistari, wengine wa rangi ya moshi. Akawatengenezea sanduku la kioo lenye kingo za chuma, akaliweka barazani palipo na kivuli. Mimi niliwachotea maji ya kisima cha Bwana, yale yenye chumvichumvi, na kila mara niliyateka kwa kata na kuyamimina tena kutoka juu ili yapate hewa. Watu wetu walikuwa wakibeba maji kutoka mbali, na mimi nawamiminia samaki. Baba alipoambiwa alikwenda zizini kuhesabu ng'ombe.

Sasa, samaki wale walikuwa wagomvi. Niamini, sijapata kuona mnyama mwenye wivu wa mahali kama wale. Mmoja mkubwa, niliyemwita Jivu kwa jina la fahali wa baba, alishika pembe yenye jiwe kubwa, na yeyote aliyekatiza mbele yake alichanwa mkia. Aliyeshindwa alibanwa juu ya maji mpaka akawa anahema. Nikafanya kama ninavyojua. Fahali mkorofi unamvurugia zizi ili naye awe mgeni kama wengine. Nikayatoa mawe yote, nikayapanga upya. Nikaingiza vigae vya mitungi iliyovunjika, vikawa kuta, asiyetaka kuonekana asionekane. Vita vikapungua, havikuisha.

Mpishi, Mzee Feruzi, mtu wa Mpwapwa, alikuwa akipita na sinia na kunitania.

"Mgogo wewe, umewajengea matembe, nyumba za kwenu. Ngoja waje kudaiwa kodi ya kichwa."

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Shikamoo haitamponya huyo mwenye mkia nusu."

Lakini hata yeye utani ulimwisha siku Bwana alipoondoka kwenda kukagua njia. Bwana alisimama barazani, akaonyesha sanduku kwa fimbo yake, akasema kwa Kiswahili chake cha kukatakata: akirudi akikuta samaki mmoja amekufa, sisi wote wawili hamsa ishirini. Unajua maana yake. Viboko ishirini na vitano, ukiwa umelala kifudifudi mbele ya askari. Mzee Feruzi alikwisha kuvipata zamani, kwa bwana mwingine. Tangu hapo hakuweza kulala chali. Bwana alipokwisha kwenda, mzee aliketi jikoni, akawa anaukata mchicha uliokwisha kukatwa.

Mgeni alikuja jioni ile ile, jua likiwa bado juu ya vilima. Alipiga hodi mara moja tu. Mtu mrefu, shuka jeupe, safi kabisa. Nawauliza watu mpaka leo: nani anatembea Dodoma wakati wa kiangazi, upepo ukipeperusha vumbi jekundu, akafika na shuka jeupe? Mabega yake yalikuwa yamepanda, nyonga imeshuka, kama mtu anayepanda mlima hata akiwa tambarare. Akaomba maji ya kunywa. Nikampa kibuyu. Akakishika mkononi, akawa anawatazama samaki.

Na samaki wakaacha kupigana.

Jivu alitoka kwenye jiwe lake. Akaenda pembe ya mbali, na wote wakaenda naye, yule mwenye mkia nusu akasimama ubavuni kwake, mapezi yakigusana. Hawakutikisika. Mzee Feruzi aliona, akaweka sinia chini.

"Alhamdulillahi," akasema. "Ndugu yangu, una dawa gani wewe?"

"Sina dawa," mgeni akasema. "Nimesimama tu."

"Basi simama hapa mpaka Bwana arudi. Karibu ndani. Mimi ndiye mwenyeji wako."

Mgeni alipoingia nikakichukua kibuyu. Kilikuwa kimejaa vilevile.

Akakaa nasi. Mchana sikujua yuko wapi, jioni yuko barazani. Mzee Feruzi alimwandalia chakula, sahani ikarudi kama ilivyokwenda, naye mzee akasema labda mgeni amefunga. Amefunga nini mtu asiyesali? Nilijiuliza hayo moyoni tu. Mbwa wa Bwana, aliyekuwa akimfukuza paka mpaka juu ya paa, sasa alilala na paka huyo chini ya kitanda kimoja. Majogoo hawakupigana. Mzee mwenyewe, ambaye hakupenda kulala chumba kimoja nami kwa kuwa eti nanuka maziwa, akaleta mkeka wake, akautandika karibu na wangu.

"Baridi," akasema. Haikuwa baridi.

Nina zoea moja la nyumbani. Jioni ng'ombe wakiingia zizini, baba huwaita kwa majina, mmoja mmoja, na kila aliyeitwa ni wetu. Mimi niliwafanyia samaki hivyo hivyo kabla ya kufunika sanduku kwa turubai. Jivu. Madoa. Kipaji. Mwenye mkia nusu. Jioni moja nilipomaliza, mgeni alisema nyuma yangu, kwa sauti ya chini:

"Na mimi je?"

Sikugeuka. Nilitazama kioo. Kilionyesha nguzo za baraza, kikaonyesha uso wangu, na taa ya chemni aliyoiwasha mzee. Mgeni alikuwa amesimama kati yangu na taa, lakini kiooni taa iliwaka wazi, hakuna aliyeikinga.

Hapo ndipo akili iliponirudia. Nikamkumbuka baba. Fahali wanaogombana mchana kutwa, ukiwakuta jioni wamesimama bega kwa bega, kimya, na ndama katikati, baba hasemi wamepatana. Anachukua mkuki na kutazama nje ya zizi. Mimi mtoto wa mfugaji, nilikaa siku zote hizo nikitazama ndani ya sanduku. Kwa nini sikutazama nje?

Nikamfuata mzee jikoni.

"Mzee, huyu mtu aondoke. Samaki hawakupatana. Wanaogopa."

"Waogope. Mimi pia naogopa, mwanangu, naogopa kiboko. Huyu anatuokoa."

"Hawali tena. Wamekonda."

"Kukonda siyo kufa. Bwana hakusema wasikonde."

"Mzee, nisamehe. Leo nitamwambia."

Alinitazama sana, maana hakuwa amewahi kunisikia nikisema maneno mengi hivyo. Usidhani nilikuwa shujaa. Nilitoka barazani, nikasema huku nikitazama miguu yangu: "Mgeni, hapa hakuna nafasi yako. Sitakuita." Hakukasirika. Alimtazama Mzee Feruzi nyuma yangu.

"Mwenyeji wangu si wewe," akasema. "Basi anisindikize."

Unajua desturi ya mzee wa mjini. Mgeni hafukuzwi kama mbwa. Hata ukimchoka, unamsindikiza hatua chache. Mzee Feruzi alivaa kofia yake. Nilimshika kanzu, nikamwambia asiende. Akaniondoa mkono taratibu, akasema, "Mwana usiye na adabu. Nafika kwenye mkunazi pale, narudi." Akasema hivyo kwa kunitania, lakini hakucheka.

Waliondoka pamoja, jua limezama lakini bado kuna mwanga. Walipoupita mkunazi nikasikia maji yakirushwa. Jivu alikuwa amerudi kwenye jiwe lake, anamchana Madoa. Vigae vinagongana. Mbwa akamfukuza paka mpaka juu ya paa. Utaniamini nikikuambia kwamba nililia kwa furaha? Niliingiza mkono majini, nikayavuruga mawe, nikaongeza vigae, nikamtenga Jivu ndani ya kikapu kilichozama nusu, ili wengine wapate mahali pao kabla yeye hajarudi. Kazi yangu ya kawaida. Niliipenda kuliko siku nyingine yoyote. Nikamngoja mzee, usingizi ukanichukua.

Aliingia asubuhi kwa mlango wa uani, amebeba kuni.

"Shikamoo mzee. Ulilala wapi?"

"Marahaba."

Hakunitania. Alipita barazani, na nyuma yangu maji yakanyamaza. Niligeuka. Samaki wote walikuwa kwenye pembe moja, na Jivu ndani ya kikapu amejibanza upande ule ule, akiwatafuta wenzake kupitia nyuzi.

Nikatazama kanzu ya mzee. Amebeba kuni, ametembea njia ya vumbi, na kanzu nyeupe kabisa.

Jioni nilifunika sanduku bila kuita jina hata moja. Yule mwenye kanzu nyeupe alikuja akasimama mlangoni, mabega yamepanda. "Mbona huwaiti?" akauliza. Nikakaza turubai. Akasema kwa sauti ya Mzee Feruzi, sauti niliyoizoea: "Na mimi je?" Usiku ule alilala chali.

Bwana alirudi, akawakuta wote hai. Alipiga magoti mbele ya kioo, akafurahi, akamshika mpishi bega. "Sasa wamestaarabika," akasema. Hatukupigwa hata kiboko kimoja. Mimi niliomba ruhusa nikarudi kwa baba, upande wa Kizota, na sijaingia tena katika nyumba ile. Nasikia inasifiwa kwa utulivu. Nasikia hata askari waliokuwa hawasalimiani wakikaa barazani pale huketi wamebanana, kimya. Mke wa Mzee Feruzi alikuja kutoka Mpwapwa kumtazama, akarudi siku hiyo hiyo. Hakumwambia mtu sababu. Alikaa kwetu kungojea treni, mgongo ameuegemeza ukutani.

Mimi siku hizi nikisikia watoto wa kaka yangu wakigombana, nawaacha kwanza, nausikiliza ugomvi wao mpaka moyo utulie. Ni wakinyamaza wote kwa pamoja ndipo ninaposimama. Nawe fanya hivyo. Wagomvi wa nyumba yako wakipatana ghafla, wakakaa pembe moja, usikimbilie kushukuru. Tazama wameupa mgongo upande gani, halafu geuka polepole uone ni nani aliyesimama pale. Na akikuuliza kama umemsahau, usimjibu.