Stika Bado Mbichi

Mama yangu ni askari polisi. Wakubwa wake walipotafuta mahali pa mbali kabisa pa kumpeleka, wakapata Karamoja, kule pembeni kabisa mwa Uganda. Barabara za huko ni za changarawe, na malori yanayotangulia yanakurushia mawe kama mashabiki wa timu iliyofungwa nyumbani. Miezi michache iliyopita jiwe moja lilipasua taa ya mbele ya kigari chake. Mvua ikaingia, taa ikajaa maji, ungeweza kufuga samaki wa ziwani Ggaba mle ndani. Kila mwisho wa mwezi mama hutoka kazini Ijumaa jioni, anaendesha usiku kucha. Bila taa hakuna safari. Kwa hiyo hakuja. Na mwisho wa mwezi uliofuata hakuja, kwa kuwa taa nyingine ilikuwa bado inatafutwa.

Mimi ni mtu wa utani. Darasani nimepewa kiti cha mbele kwa ajili ya usalama wa taifa. Lakini siku hizo shangazi, ambaye ninaishi naye hapa Nakawa, Kampala, aliniuliza kama nina malaria, kwa sababu nilikuwa nakula maharage yake bila kuyasema vibaya.

Mama alipofika hatimaye na taa mpya, Jumamosi alfajiri, alilala mpaka mchana. Nikapanda boda hadi Wandegeya kwa fundi anayebandika maandishi kwenye mateksi, nikarudi na kipande cha stika isiyo na rangi, imara kuliko suruali yangu ya shule. Unaibandika juu ya taa. Jiwe likija linaikwaruza stika, kioo kinabaki kizima.

"Weka maji ya sabuni, bandika, halafu sukuma maji yote yatoke," fundi aliniambia. "Na gari lisitoke mpaka ikauke, kijana. Likitoka na stika mbichi, upepo utaing'oa hata Mukono hujafika."

Maneno hayo ya mwisho ndiyo yaliyonifurahisha.

Jumapili, tulipotoka kanisani, mama akiwa ameshaweka begi lake garini, nikatokea na beseni la sabuni.

"Kwa nini hukubandika jana?"

"Jana ulikuwa umelala, Afande. Sikutaka kupiga kelele."

"Stika inapiga kelele?"

Nikalowesha taa, nikabandika. Nilisukuma maji kwa kadi yangu ya shule, taratibu, uso wangu wa pichani ukisuguliwa juu ya kioo. Mama akakaa kwenye ngazi na kikombe cha chai. Akanisimulia kuhusu mbuzi aliyeletwa kituoni kama ushahidi, akala karatasi za mkuu wao. Nilicheka mpaka nikaharibu pembe moja, nikaibandua, nikaanza upya. Pembe ile iliharibika kwa bahati mbaya, naapa. Ya pili siapi.

Jua likapanda. Mama akainuka, akaigusa taa kwa ukucha.

"Imekauka."

"Juu tu. Chini bado mbichi."

Shangazi akachungulia dirishani. "Itakaukaje? Nimemwona anainyunyizia maji kama mchicha!"

Mama akanigeukia. Huyu ni mwanamke anayehoji wezi wa ng'ombe. Akaangalia chupa niliyoificha nyuma ya mgongo, akaangalia matone kwenye taa, na mimi nikaangalia mawingu. Kisha akarudi kukaa kwenye ngazi.

"Basi tungoje," alisema. "Siwezi kwenda kazini na stika mbichi. Shangazi yako alete chapati."

Tukala. Nilimwegemea begani, jambo ambalo mtu yeyote wa darasa letu akiuliza nitakana. Alinukia mafuta yake ya nazi na vumbi. Sikuinyunyizia tena ile stika, na ikakauka, kama mwizi aliyechoka kukimbia. Mama akaondoka.

Asubuhi alipiga simu nikiwa navaa viatu vya shule.

"Nimefika. Lori moja limenipiga mawe njia nzima. Taa haina hata ufa, fundi wangu."

"Si nilikuambia?"

"Sasa hiyo kitu itadumu muda gani?"

Yule fundi wa Wandegeya alikuwa amesema mwaka mzima, labda zaidi.

"Wiki mbili, Afande. Zikipita hizo, lazima gari lirudi hapa likaguliwe."

Nilisikia watu wakipiga kwata nyuma yake.

"Nitajaribu," akasema, kwa ile sauti ya watu wazima ambayo haina tarehe ndani yake.