Pini Kwenye Wayo wa Fundi Pindo

Mjomba wangu ni fundi cherehani, na kwa jinsi pindo zake zinavyonyooka, mtaa mzima humwita Fundi Pindo. Tangu ujana wake alishona kwa cherehani ya kukanyaga. Halafu siku moja, akitundika kibao kipya cha duka, aliteleza kwenye ngazi akaangukia mgongo. Toka hapo hahisi kitu kuanzia kiunoni kwenda chini.

Aliporudi kutoka hospitali kwa kiti cha magurudumu, swali likawa moja: atashonaje? Fundi wa mashine akaja na mpini wa kuzungushia gurudumu la cherehani, ili mjomba ashone kwa mkono. Alikuwa ameshashika bisibisi pale mke wa mjomba alipoangusha kopo la pini. Katika kuziokota, aliusogeza mguu wa mumewe, na pini aliyoishika ikamchoma wayo. Mguu ukajikunja ghafla, goti likagonga meza.

Mkewe alikaa sakafuni akalia kwa furaha. Akamwambia fundi wa mashine arudishe vyuma vyake mkobani, kwani mguu umeamka na cherehani itakanyagwa kama zamani. Majirani wakaja kutazama. Muuza mkaa alisema mguu ule ulikuwa umelala tu, kama yeye mwenyewe alalavyo siku za mvua.

Mjomba alicheka nao, lakini aliutazama mguu wake kama mgeni aliyeingia bila hodi. Kesho yake akamwita mkewe.

"Mama watoto, hebu nifunge macho."

Alifungwa kipande cha bitana. Makubaliano yalikuwa kwamba mkewe amguse wayo kwa ncha ya pini wakati wowote apendao, naye aseme akihisi. Mguu ukaruka, ukatulia, ukaruka tena. Mjomba alikuwa ameinamisha kichwa, anasikiliza.

"Mbona huanzi?" akauliza.

Mkewe alirudisha pini koponi.

Kliniki, mjomba alimganda mtaalamu wa mazoezi ya viungo kwa maswali. Yule dada akamweleza kwamba ndani ya mifupa ya uti wa mgongo mnapita kamba laini ya mishipa ya fahamu. Kamba hiyo hupeleka habari kwenye ubongo na kurudisha amri, lakini mambo ya dharura huyaamua yenyewe. Akamuuliza kama amewahi kugusa pasi ya moto.

"Mara ngapi! Mkono unatoka kwanza, maumivu yanafuata."

Ndivyo hivyo, akasema. Habari ya moto hufika kwenye kamba, na kamba huamuru mkono utoke papo hapo. Ubongo huambiwa baadaye kidogo. Kwa mjomba, kamba imeumia katikati ya mgongo. Sehemu iliyo chini ya jeraha bado inapokea habari ya pini na kuvuta mguu, ila habari haipandi juu, na amri ya kukanyaga haishuki. Kwa hiyo kuruka kule si dalili kwamba njia imepona.

"Yaani mguu unajibu," mjomba akasema taratibu, "ila mimi siulizwi."

Njiani kurudi, mkewe ndiye aliyesukuma kiti. Walipofika kona ya dukani akauliza kama yule fundi wa mashine bado ana ule mpini. Mjomba akasema anao, alishamuuliza.

Sasa anazungusha kwa mkono wa kulia na kuongoza kitambaa kwa wa kushoto. Pindo za mwanzo zilienda mrama, akazifumua na kuzirudia. Mguu ukiruka anasimamisha gurudumu, na mkewe anapiga magoti kutafuta pini, maana mwenye mguu hawezi kujua iko wapi. Juzi waliitafuta wasiione. Mjomba aliinama akiukodolea macho wayo wake.

"Sasa huyu leo kasikia nini?" akauliza, na cherehani ikangoja.