Mawe ya Barasa Yaliyowekwa Kando

Jumatano baada ya Pasaka tulimpoteza Barasa, mdogo wangu, katika machimbo ya mawe ya kujengea kule Theta. Ukuta wa mawe ulimwangukia. Wengi wenu mlikuja kumzika hapa Bungoma, nami nawashukuru. Ambalo hamkujua ni kwamba baada ya mazishi nilipigiwa simu kutoka Thika. Kampuni ya ujenzi iliyokuwa ikinunua mawe ya pale ilitaka kuzungumza na mtu wa familia. Wanaoikopesha kampuni hiyo huuliza mawe yanatoka wapi, na kama kuna mtu aliyeumia yakichimbwa. Mwenye machimbo alikuwa amejibu kwamba Barasa alikuwa mgeni tu, amepita kusalimia marafiki.

Mama aliposikia hivyo alisema, "Nenda. Mtoto wangu hakufia matembezini."

Nilifika Ruiru, karibu na Theta, mchana, mvua ikinyesha. Njoroge, kiongozi wa kundi la Barasa, alinipokea akanipeleka Mwiki, kwenye chumba walichokuwa wamepanga pamoja. Nguo za Barasa zilikuwa zimekunjwa juu ya kitanda. Viatu vyake vya kazi vilikuwa na vumbi la mawe mpaka ndani. Njoroge aliniwekea chai, ikapoa mbele yangu.

"Mzee, kesho ukienda hiyo ofisi utawaambia nini?"

"Kwamba Barasa alikuwa kazini."

"Wakisikia hivyo watakata ununuzi. Hawatakuja kutengeneza kwari, haya machimbo yetu. Watakata tu, waende kununua kwingine. Na sisi? Barasa mwenyewe angekuambia unyamaze."

"Barasa hakuwahi kunyamaza, hata kanisani."

Tulicheka kidogo, kisha hatukuweza kuendelea.

Asubuhi tulipitia Theta kwanza. Machimbo ni shimo kubwa kati ya mashamba ya mahindi na nyumba mpya. Njoroge alinionyesha ukuta. Jiwe la juu lina nyufa, la chini ndilo hutoka limenyooka, na kampuni hupokea lililonyooka tu. Kwa hiyo wanachimba chini na kuliacha la juu likining'inia. Asubuhi hiyo niliwaona watu wakichimba vivyo hivyo, hatua chache kutoka pale Barasa alipoangukiwa.

"Ndugu yako alikuwa anaimba vibaya sana," mmoja aliniambia bila kuacha nyundo. "Lakini jiwe lake, wacha tu."

Kando, chini ya turubai, kulikuwa na mawe ambayo Barasa alichonga siku aliyokufa.

"Haya hatuyagusi," alisema Njoroge. "Mtu akifia hapa, mawe yake ya siku hiyo tunayaweka kando. Hayapakiwi mpaka mtu wa kwao aseme."

Niliyaacha chini ya turubai, nikaondoka.

Thika, kwenye ofisi ya kampuni, nilipokewa na dada mmoja mpole. "Pole sana, baba," alisema, na nilimwamini. Nilimweleza nilivyoona: Barasa alifanya kazi pale, aliishi Mwiki na wenzake, na alikuwa chini ya ukuta kwa sababu huko ndiko liliko jiwe ambalo kampuni inalitaka. Aliandika yote, na akaandika kwamba alikuwa mfanyakazi.

"Sasa mtafanya nini?" nikamwuliza.

"Tutaacha kununua pale. Tutaeleza hivyo kwenye ripoti."

"Na ule ukuta?"

"Ukuta ni wa mwenye machimbo."

"Nilikuwa naomba mtu aende auangalie tu. Watu bado wako chini yake."

Alitazama meza. "Baba, ripoti yetu ni ya mawe tunayonunua. Tukiacha kununua, hayo si yetu tena."

Nililala Mwiki. Asubuhi Njoroge aliondoka mapema, nami nikamfuata Theta na mzigo wa nguo za Barasa, niage kabla ya kurudi nyumbani. Habari ilikuwa imenitangulia. Malori ya kampuni hayakuja. Lililokuwepo ni lori moja la broka, anayepeleka mawe Kamakis kwa watu wanaojenga nyumba za kupangisha. Hao hawaulizi yanatoka wapi.

Njoroge alinijia ameshika kofia mkononi. Hakunilaumu. Afadhali angenilaumu.

"Mzee, lori halijajaa. Huyu broka hachukui nusu."

Nilitazama turubai. Mkiniuliza nilijifunza nini katika safari hii, ni kidogo. Niliyosema Thika yalikuwa kweli, na ningeulizwa leo ningesema vilevile. Kweli hiyo ilisafisha jina la Barasa, ikasafisha na kampuni. Ukuta haukuguswa.

"Chukueni," nikasema.

Walianza kuyabeba polepole, jinsi tulivyombeba yeye. Niliweka mzigo chini nikaungana nao. Yalikuwa yamenyooka kweli. Jiwe la mwisho nililipandisha mimi. Lori likaondoka kuelekea Kamakis, na Njoroge akavaa kofia yake, akachukua nyundo, akarudi chini ya ukuta.