Bunduki Yenye Daraja

Enzi zetu, wenzangu mliobaki, mtoto wa Kanga, kijiji chetu kisiwani Mafia, hakuhitaji kununuliwa cha kuchezea. Vifuu vilikuwepo. Ukitoka chuoni kwa mwalimu wa Kurani, magoti yana alama za mkeka, unapita nyuma ya jiko la mtu, unaokota kifuu cha nazi na kukirusha kikiwa kimelala. Kinakwenda kinazunguka, kinavuka ua, kinaangukia kwa jirani, na jirani anakuja kukushitaki kwa mama yako. Mjukuu wangu siku hizi akirusha kitu ni simu, naye huirusha juu ya godoro.

Nawaeleza habari ya vifuu kwa sababu ndivyo vilivyonipa kazi ya serikali, na umri wangu ulikuwa bado wa kufunga Ramadhani nusu siku.

Waingereza ndio waliokuwa wakitutawala, na mkubwa wao pale kisiwani tulimwita Bwana Shauri. Alikaa Kilindoni. Starehe yake ilikuwa bunduki ya marisau, punje za risasi zinazotawanyika, lakini hakupiga ndege wala mnyama. Alipiga visahani vya udongo. Vilimjia kutoka kwao vimepangwa ndani ya masanduku, mtambo unavirusha hewani, naye anavivunja. Vikisha, anaagiza vingine. Wazee wetu walilitazama jambo hilo kwa heshima, wakamwombea afya.

Sisi taabu yetu ilikuwa nguruwe mwitu. Mwaka mmoja walitumalizia mhogo wote, tukaishi kwa papai bichi lililopikwa kwa nazi, asubuhi na jioni. Mpaka leo mtu akinikaribisha papai bichi, mimi huaga. Msimu mpya ulipoanza, mama akamwambia baba mbele yangu, kwa sauti ile ile ya kusema chumvi imekwisha:

"Wakiula tena, Mwanahawa ataenda Chole kwa shangazi yake. Huko nguruwe hakuna."

Akazifunga nguo zangu katika kitambaa, akakiweka kifurushi darini, tayari. Shangazi hakuwa mtu mbaya. Alikuwa haamini tu kwamba mtoto ana sababu ya kucheka. Nilikuwa nikilala chali nakitazama kifurushi kile, na niliogopa sana.

Wazee wakaenda Kilindoni kulalamika. Bwana Shauri akawasikiliza, akakubali kutuazima mojawapo ya bunduki zake. Sharti lilikuwa kwamba ingekaa nyumbani kwa yule atakayevunja visahani vingi kuliko wenzake. Mzee mmoja akamweleza kwa adabu kwamba nguruwe wa Mafia hawaruki. Bwana Shauri akajibu kwamba shabaha ni shabaha.

Tatizo likawa mtambo, maana ulikuwa umeliwa na kutu ya bahari, na masanduku yalikuwa matupu. Mama alikuwa mfinyanzi, basi akapewa kazi ya kufinyanga visahani. Mimi, kwa sifa zangu zilizoenea kwa majirani, nikapewa ya kurusha. Kabla kisahani hakijakauka, mama alikibonyeza kidole gumba katikati ili nipate pa kukishikia.

Bunduki yenyewe ilikuwa na mitutu miwili, mmoja juu ya mwenzake. Juu ya yote ulipita ubapa mrefu wa chuma, mwembamba, umeinuliwa kwa viguzo vidogo vidogo, na kati ya kiguzo na kiguzo unaona mwanga upande wa pili. Sisi watoto tukauita daraja, na watu wazima nao wakaona hawana jina bora. Upande wa jicho daraja lilikuwa juu zaidi, likateremka kidogo kuelekea mdomo wa mtutu, na pale mwisho palikuwa na kitone cha shaba.

Bwana Shauri akatufundisha. Kiswahili chake kilikuwa safi, hakikuwa na haraka. "Jicho lipite juu ya daraja," alisema. "Kisahani ukione kimekaa juu yake. Usikifunike." Alieleza kwamba kisahani hupanda, kwa hiyo bunduki ile imeundwa ipeleke marisau juu kidogo ya pale unapotazama, yakutane nacho njiani. Uwazi wa chini ya daraja ni wa kupitisha upepo, ili joto la mtutu lisichezecheze mbele ya jicho. Na uzito umewekwa mbele makusudi, ili ukianza kuizungusha isisimame katikati ya safari. Wazee wakatikisa vichwa kwa kuridhika. Hakuna aliyeuliza nguruwe anaingia wapi katika maelezo hayo.

Siku ya mashindano, kando ya shamba letu, alikuja Bwana Seifu, mwenye shamba kubwa la minazi, amevaa kanzu iliyopigwa pasi mpaka inasimama yenyewe. Alikuwa na gobole lake la kufukuzia kunguru, lakini alilitaka daraja lile. Alilenga vizuri mno. Kila nilipourusha udongo wa mama, yeye aliutafuta, akauona, akausimamishia mtutu, na udongo ukaendelea na safari zake. Baba yangu hakuwahi kushika bunduki. Chombo chake kilikuwa fyekeo, na mwenye fyekeo hasimamishi mkono kwenye jani, anapitiliza. Basi akapitiliza. Visahani vikapasuka vumbi jekundu, harufu ya baruti ikatuingia puani, wanawake wakapiga vigelegele. Bwana Seifu akampa baba mkono, akanikatia mimi kipande cha halua kwa kuwarushia sawasawa. Siku hizi aliyeshindwa anasema mtandao ulikuwa chini.

Bunduki ikaja kwetu. Mhogo ukakomaa, nguruwe wakaja.

Baba aliondoka baada ya swala ya alfajiri, mimi na mama nyuma yake. Kazi yangu ya siku zote ilikuwa kupiga debe kuwatisha, lakini asubuhi hiyo nilikatazwa nisiwashitue. Baba akaweka jicho juu ya daraja, akamkalisha nguruwe juu yake kama alivyofundishwa, akapiga. Papai likaanguka. Nguruwe wakainua vichwa, wakalitazama, wakarudi kwenye mhogo.

Ikawa hivyo kila alfajiri. Marisau yalipita juu ya migongo yao. Watu wakamshauri alenge kwato, lakini jicho lake lilikwishafundishwa, na kila alipobana kitako cha bunduki begani lilipanda lenyewe. Mhunzi akajitolea kulikata daraja kwa tupa. Baba akakataa, kwa sababu ni kitu cha kuazimwa, na Bwana Shauri alikuwa na desturi ya kuja kulikagua. Kijijini wakaanza kumwita baba Mvuna Mapapai. Alitabasamu akiitwa hivyo, kisha nyumbani akaketi kuipangusa bunduki.

Jioni moja nikamwona mama amekishusha kifurushi kutoka darini. Akakung'uta vumbi, akakiweka karibu na mlango. Hakunitazama.

Alfajiri iliyofuata niliwafuata baba na mama shambani na debe langu, nimekatazwa au sijakatazwa. Nguruwe walikuwa katikati ya shamba. Baba akainua bunduki, nami nikalipiga debe kwa nguvu zangu zote, nalia, nawatukana kwa maneno ambayo mwalimu wa chuoni hakunifundisha. Nguruwe mkubwa akatimka kuelekea kwenye ua wa fito. Ua ulimfika kifuani. Akaruka.

Akapanda hewani kama kisahani. Mtutu wa baba ukamfuata, ukapitiliza, ukalia. Nguruwe akaanguka ng'ambo ya ua, na hakuinuka.

Tukatazamana sote watatu. Kisha mama akasema, "Mwanahawa, kesho uje na debe kubwa."

Msimu ule wote watoto wa Kanga tulipiga madebe, nguruwe wakaruka ua, na baba akawa akiwasubiri pale. Hatukuwagusa, bila shaka. Bwana Shauri alipopata habari alikuja na gari, akamchukua wa siku hiyo, akatushukuru sana, nasi tukamshukuru zaidi kwa kumwondoa. Akamuuliza baba amewezaje kwa bunduki ya visahani.

"Tumewafundisha kuruka, Bwana," baba akasema.

Kifurushi mama alikifungua mwenyewe. Tukala mhogo wa nazi mpaka tukauchoka, nami sikwenda Chole ila kwa kusalimia.

Siku hizi shamba ni langu. Nguruwe hawaji sana, na ua hauna maana tena. Wajukuu wanasikia honi ya boti mara moja, begi liko mgongoni, wamekwenda Dar es Salaam, na sijamwona hata mmoja aliyelia. Juzi nikichimba mhogo jembe liligonga kigae chekundu. Nilikipangusa. Katikati kilikuwa na shimo la kidole gumba cha mama yangu. Mjukuu alipopiga simu nikamweleza.

"Ni cha nini hicho, Bibi?"

"Kilinibakisha nyumbani," nikamwambia.

Akacheka kwa upole, akaniuliza kama nimekula. Nikasema nimekula. Mhogo upo mwingi, nikamwambia, wa kuula ndio hawapo.