Chujio la Bi Waridi

Bi Waridi wa Ilomba, mtaa wetu hapa Mbeya, ana adabu nyingi na hasira nyingi, na vyote viwili huvitumia kwa wakati mmoja. Akikukasirikia hakutukani. Anakupa kiti, anakuuliza hali ya watoto, anakumiminia chai, kisha unagundua mwenyewe kwamba kikombe kimewekwa mbali kidogo na mkono wako. Mimi ni jirani yake, mlango kwa mlango, na kikombe cha mbali nimekinywa mara nyingi tu.

Alikuja Mbeya kutoka Mshindo, Iringa, baada ya kufiwa na mumewe. Kwanza alikaa huko huko Iringa kwa kaka yake mkubwa, Ahmadi, muuza vitambaa. Hakunyanyaswa hata kidogo, na wifi yake ni mtu mwema. "Tatizo, Mama Goodness," aliniambia siku moja, "ni kwamba kila nilipotaka kufungua kabati la vyombo, niliomba ruhusa. Mtu mzima mimi." Basi akapanga vyumba viwili hapa kwetu, na kile cha mbele akakigeuza saluni. Kaka yake alisema neno moja tu siku ya kumsindikiza stendi: "Nenda. Lakini ukishindwa kujilisha nitakuja kukuchukua mwenyewe, na hapo hatutabishana tena." Waridi akakubali, na akikubali jambo huwa harudi nyuma.

Sasa, saluni ya Mbeya si kama saluni za kwenye joto. Huko mtu anaoshwa nywele, anatoka, jua linamalizia kazi. Hapa, mwezi wa sita na wa saba, ukitoka nje na kichwa kibichi utapiga chafya mpaka majirani wachoke kukupa pole. Saluni isiyo na draya Mbeya ni mgahawa usio na jiko. Waridi alilijua hilo, kwa hiyo kabla hata ya kununua kioo alinunua draya ya mkono, nyeusi, nzito, yenye nguvu, kwenye duka la vifaa vya umeme la Ashok na mkewe Usha kule mjini.

Ununuzi ule ulizaa urafiki. Usha ana nywele zinazofika kiunoni, nzito, zisizokauka upesi, na alisema hajawahi kupata mikono kama ya Waridi. Kila alipokuja Ilomba alikaa muda mrefu kuliko wateja wote, na wote wawili walikuwa wagonjwa wa chai. Waridi husema ukoo wake asili yake ni pwani, na chai ya tangawizi na iliki wameirithi pamoja na jina. Usha naye kwao chai ni jambo la heshima. Wangeweza kubishana mpaka adhuhuri kama maziwa yachemke pamoja na majani au yasubiri, na sisi wengine tukawa tunakunywa tu huku wakibishana.

Siku ya balaa nilikuwepo. Usha alikuwa kitini, draya inavuma nyuma ya kichwa chake, kikombe mkononi. Alikunywa funda moja. Akanusa. Akakunja uso, akageuka, akasema kwa sauti iliyosikika chumba kizima:

"Dada Waridi, chujio yako chafu hii! Safisha kila wiki. Ukiacha hivi itaharibu kila kitu."

Esnath, anayeuza mchele wa Rujewa pale sokoni, alikitazama kikombe chake, akakishusha taratibu. Mimi nikajifanya natafuta kitu kwenye mkoba. Waridi akasema, "Nimekusikia, dada." Akamaliza kumkausha, akamsindikiza mpaka kwenye bajaji, akampungia mkono. Aliporudi ndani alikwenda moja kwa moja jikoni, akachukua chujio lake la chai, akalitupa kwenye shimo la taka. Kumwambia mwanamke wa namna ile kwamba chujio lake ni chafu, tena mbele ya wateja, ni afadhali ungempiga kofi.

Kesho yake akanunua jipya, la chuma kinachong'aa. Hakuliweka jikoni. Alilitundika kwenye msumari kando ya kioo, ili kila anayekaa kitini alione. Kila Ijumaa alilichemsha kwa maji na magadi kabla ya kwenda kuswali. "Litazameni," alikuwa akituambia bila kuulizwa. "Kuna doa?" Hakukuwa na doa. Usha alipotuma ujumbe kuomba nafasi, alijibiwa kwamba saluni imebanwa. Akatuma tena, ikawa bado imebanwa. Halafu Usha akaacha kutuma.

Saluni haikuwa imebanwa hata kidogo. Wiki chache baada ya mambo yale draya ilianza vituko. Ikiwashwa inapata joto la kuunguza masikio, upepo wenyewe unatoka kidogo, inanuka nywele iliyoungua, kisha inazima yenyewe. Ukiiacha ipoe inakubali tena, halafu inazima tena. Waridi alisema umeme ni mdogo. Nikamwambia mbona kwangu pasi inaunguza mpaka shuka? Akasema basi umeme wa upande wake ndio mdogo.

Esnath alitoka pale na kichwa nusu kibichi, kimefungwa kitenge, asubuhi ya ukungu. Aliugua mafua makali, na kwa kuwa anakaa sokoni siku nzima, soko zima lilijua mafua yale yametoka saluni gani. Baridi ilipokolea, viti vya Waridi vilikuwa vinakaliwa na mimi na paka wangu.

Ahmadi akapiga simu. Kwa kaka yake Waridi hajui kusema uongo, ndiyo kasoro yake nyingine. Kaka akasema Jumamosi anakuja na gari la mzigo.

Alhamisi niliingia nikamkuta ameshateremsha kioo ukutani na kukizungushia blanketi. Niliumia, nasema wazi. Niliona kabisa kabati la vyombo la watu linavyomsubiri. Draya ilikuwa mezani, imefungwa waya wake kama mtu aliyekwishasafiri.

"Irudishe dukani waitazame," nikasema.

"Kwa yule? Aliyenidhalilisha kwenye chai yangu mwenyewe? Heri Iringa."

"Hasira hasara, Bi Waridi."

"Hasara ninayo tayari, Mama Goodness. Niachie hasira yangu."

Sikubishana. Alipoingia ndani kukunja nguo, nilichukua draya, nikaitia kwenye kikapu changu, nikaifunika na mboga, nikaenda mjini. Mtu anaweza kuuita wizi akitaka.

Usha alikuwa kaunta. Kabla sijasema kitu alinishika mkono. "Dada Waridi mzima? Mimi nimemkosea nini? Naandika, hajibu vizuri." Nilikuwa nimeandaa maneno makali njiani, lakini uso wake uliyamaliza yote. Nikamtolea draya tu. Akaipindua, akashika kifuniko cha nyuma, kile chenye matundu, akakizungusha. Kikafunguka. Miaka yote hii mimi sikujua kwamba kinafunguka.

Ndani palikuwa na kitu mfano wa kipande cha blanketi la kijivu. Nywele, manyoya ya taulo, poda, vumbi la barabara yetu, vyote vimegandishwa na mafuta ya nywele hata huoni wavu uliopo chini yake.

"Ona sasa!" Usha akasema kwa uchungu. "Haipati hewa. Inachemka, inajizima isiungue. Si nilimwambia? Wewe ulikuwepo!"

"Ulimwambia nini?"

"Chujio chafu! Safisha kila wiki! Ilikuwa inanuka kichwani kwangu, nikamwambia!"

Nilikaa juu ya boksi la feni lililokuwa karibu. Nilicheka mpaka Ashok akaja kutoka stoo kuona nani anakufa. Angesema filta, jamani! Filta kila mtu anaijua, hata vijana wa bodaboda wanaipuliza asubuhi kabla ya kuwasha. Lakini yeye alichukua neno la kwao, ambalo ni moja kwa wavu wa chai na wavu wa kila kitu, akalitafuta kwa Kiswahili, akapata chujio. Akalisema na kikombe mkononi.

Nilipomweleza, Usha hakucheka. Alijifunika mdomo. "Chai yake? Mimi niseme chai ya Waridi chafu? Nyumbani najaribu kupika kama yake, huyu ananiambia bado." Ashok akatikisa kichwa kukubali kwamba bado. Usha akachukua shali yake, akamwambia mumewe akae dukani, tukaondoka.

Waridi alitupa viti. Akamuuliza Usha hali ya watoto. Akatumiminia chai, na vikombe vikawekwa mbali, cha kwangu mbali zaidi kwa ajili ya ule wizi. Usha hakugusa chai. Aliweka draya mezani, akafungua kile kifuniko cha nyuma, kisha akainuka na kulichukua lile chujio la chuma msumarini, akaviweka pamoja.

"Dada, hii mimi naita chujio. Hii pia chujio. Kwetu jina moja tu. Siku ile nilisema ya mashine. Chai yako sijasema, na sitasema mpaka nife."

Waridi aliangalia blanketi la kijivu. Akaangalia chuma kinachong'aa. Mimi nikawa naomba Mungu kimyakimya. Kisha mabega yakaanza kumtikisika. Nilidhani analia, kumbe anacheka, halafu kumbe analia kweli.

"Na lile nililolitupa," akasema, "lilikuwa la mama yangu."

Usha alimshika, wakakaa hivyo.

Baada ya kujifuta macho Waridi alitaka kuanza kazi hapo hapo, na Usha akawa mwalimu. Kwanza waya utoke ukutani kabisa, si kuzima tu. Draya ipoe. Mswaki wa zamani, mkavu, usugue wavu mpaka uchafu utoke wenyewe, ndipo wavu peke yake uoshwe kwa maji ya vuguvugu na sabuni kidogo. Mashine yenyewe isione maji, ifutwe kwa kitambaa tu. Waridi alisugua kwa hasira zote alizokuwa amezihifadhi kwa ajili ya Usha. Wavu ulipotakata alitaka kuurudisha palepale, Usha akampiga kofi dogo mkononi. "Mbichi? Unataka kuua mashine na wewe? Ikauke kabisa. Na usiwashe bila hiyo, itavuta nywele ndani."

Tukauweka dirishani. Jua la mwezi wa saba ni la mapambo tu, hivyo tulingoja sana, na katika kungoja wale wawili wakarudi kwenye maziwa na majani ya chai. Sijawahi kufurahia mabishano ya kipuuzi kama yale.

Ulipokauka Waridi akaurudisha, akazungusha kifuniko, akachomeka waya. Draya ikavuma, upepo ukarusha karatasi zote za mezani. Usha akafungua msuko wake, nywele zikashuka mpaka kiunoni. "Nioshe," akasema. "Tuone kama itamaliza hii." Ikamaliza, mizizi hadi ncha, bila kuzima hata mara moja. Waridi akawa anaweka kiganja nyuma ya mashine kupima joto, kama mama anayempapasa mtoto aliyepona homa.

Kioo kilirudi ukutani jioni ile ile. Ijumaa mimi nilipita sokoni na nywele zangu zilizokaushwa vizuri, kichwa wazi, na kuhakikisha nimesimama mbele ya Esnath muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Jumamosi asubuhi Esnath alikuwa wa kwanza mlangoni, na nyuma yake wengine.

Ahmadi alifika karibu na adhuhuri na gari lake la mzigo, kamba na turubai tayari. Alisimama mlangoni, akaona viti vimejaa wanawake, akarudi nyuma kwa haya. Waridi alimtolea kiti uani.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Mzigo wako uko wapi?"

"Uko huo." Akamwonyesha gunia la mchele wa Rujewa kando ya mlango. "Ni wa wifi. Mwambie ni mpya, maji asitie mengi."

Ahmadi alilitazama gunia, akalitazama gari tupu. Waridi akampa chai, nami kwa kuwa nilikuwa naanika nguo zangu karibu kuliko kawaida, niliona kikombe kimewekwa mkononi mwake kabisa. Akanywa yote.

"Kwa hiyo hurudi," akasema.

"Nitakuja Idi, inshallah. Mwambie wifi anitandikie kitanda cha wageni."

"Cha wageni? Wewe?"

"Cha wageni, kaka."

Mzee yule aligeuza kikombe kitupu mkononi. Ndani tulisikia Esnath akiita kwamba kichwa chake kinapata baridi.

"Haya," Ahmadi akasema. "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Akainuka upesi kwenda kufunga gunia lake, na Waridi akaingia ndani kumkausha Esnath.