Watoto Saba wa Nyumba ya Magogo

Nikisikia moshi wa kuni, ule unaong'ang'ania kwenye sweta na kukaa humo siku tatu, sikumbuki mji wa Uvira nilikozaliwa. Nakumbuka nyumba moja ya magogo kaskazini mwa Toronto, na uongo nilioutunga humo nikiwa na miaka tisa. Niwasimulie, maana nimeubeba vya kutosha.

Ilikuwa miaka ya tisini ikielekea ukingoni. Tulikuwa tumemaliza mwaka mmoja katika mtaa wa Rexdale, ghorofa ya tisa. Papa alipakia masanduku kwenye ghala karibu na uwanja wa ndege, na Mama aliosha na kulisha wazee katika nyumba ya kuwatunzia. Kiingereza cha familia nzima kilikuwa mdomoni mwangu. Kwa daktari nilisema mimi, shuleni mimi, hata fundi wa lifti alipanda kuniuliza mimi.

Mwalimu wa Kiingereza wa Papa alimpa tiketi za kutembelea kijiji cha makumbusho, chenye majengo waliyoyajenga walowezi wa kwanza na ambayo siku hizi watu huyatazama Jumamosi. Papa alizipokea kama mwaliko wa harusi. Akavaa suti. Mama alikaanga mandazi na samaki, akajaza chupa ya chai, tukaingia kwenye gari letu ambalo hita yake ilipuliza upande wa dereva tu. Mama alisafiri amejifunika blanketi hadi kidevuni, huku Papa akitokwa jasho na kuzisifu rangi za majani.

Tulianza na kinu cha maji. Papa alilizunguka gurudumu mara mbili, mikono nyuma, kama mtu anayefikiria kulinunua. Kisha tukaingia kwenye kijumba cha kufulia, na hapo Mama akasimama mbele ya meza.

"Papa Furaha," alisema, "umetuleta mwisho wa dunia kutuonyesha pasi ya makaa?"

"Hiyo ni historia, Mama Furaha."

"Yangu niliiacha juu ya kabati. Na yenyewe ni historia?"

Papa alicheka mpaka akavua miwani. Mimi nilifurahi kupita wote wawili, kwa sababu siku hizo mzaha wa Mama ulikuwa adimu.

Tulipoikimbia Uvira kwa sababu ya vita tulikuwa wanne. Mdogo wangu Bahati, wa miezi minane, alishikwa na homa njiani, akabaki Fizi. Ndivyo tulivyosema nyumbani: alibaki, kama mtu aliyechelewa basi. Jina lake likitajwa, Mama aliweka chini chochote alichoshika, akakaa, na siku hiyo ikawa imekwisha. Kwa hiyo nilijipa kazi ambayo hakuna aliyenituma. Nilichuja maneno. Redio ikisema mtoto, niliongeza kelele za vyombo. Barua zikija, nilizisoma kwanza bafuni.

Papa alibaki nje akisoma kibao kilichosimama kando ya njia, neno kwa neno, kidole hewani. Mimi na Mama tukaingia kwenye nyumba ya magogo. Ndani mlikuwa na giza la joto, na mama mmoja wa Kizungu, aliyevalishwa gauni refu na kofia nyeupe ya kitambaa, alikuwa akikoroga chungu kilichoning'inia juu ya moto. Pembeni palikuwa na kitanda kidogo cha mtoto, cha mbao, cha kubembea. Alituona tukikitazama, akaanza kueleza. Waliokaa humo walikuwa na watoto saba. Majira ya baridi ya kwanza watatu walikufa kwa homa, na yule mdogo kabisa walimweka ghalani ndani ya sanduku hadi theluji ilipoyeyuka, kwa sababu ardhi ilikuwa ngumu kama chuma na haikuchimbika.

"Yule mama anasema nini?" Mama aliniuliza.

"Anasema walikuwa na watoto saba. Baridi ilikuwa kali. Walivaa soksi mbilimbili."

"Halafu?"

"Wakapona."

"Wote?"

"Wote, Mama."

Mama akainama, akakunja vizuri pindo la kiblanketi kilichokuwa ndani ya kile kitanda. "Muulize, yule mdogo aliitwa nani."

Niliuliza. "Thomas," nikamwambia.

"Thomas," alirudia Mama taratibu, na tukatoka.

Garini, wakati wa kurudi, Papa aliuliza tumeonyeshwa nini kule ndani.

"Watoto saba," alijibu Mama. "Walipona wote. Furaha amenieleza vizuri sana."

"Lakini pale nje wameandika kwamba..."

"Papa Furaha, angalia barabara."

Papa akaangalia barabara. Mimi nilikula andazi la mwisho, nikiona nimeshinda.

Nikiwa na miaka kumi na tisa nilifanya kazi ya likizo palepale alipofanya kazi Mama. Asubuhi moja muuguzi alichungulia mlangoni, akasema kwa Kiingereza kwamba bibi wa chumba cha mwisho amekufa. Kabla sijageuka, Mama alikuwa na beseni mkononi na taulo begani. Tulipokuwa tukimwosha, nilimuuliza Mama alilijua neno lile la kufa tangu lini.

"Wiki ya kwanza. Kabla sijajua kuomba chumvi."

Wiki yake ya kwanza kazini ilikuwa miezi mingi kabla ya nyumba ya magogo.

"Kwa hiyo ulimsikia yule mama."

"Alilisema mara tatu, Furaha. Na wewe ukanitolea macho, ukasema wamepona. Ningefanya nini? Ulikuwa umejitahidi sana."

Miaka kumi nilijiona mlinzi wake. Yeye alikuwa amesimama mbele ya kile kitanda na habari yote kichwani, akachagua kunilinda mimi nisijue kwamba nimeshindwa.

Aliendelea kuikausha miguu ya yule bibi, kidole baada ya kidole. Halafu, bila mimi kuuliza, akaanza kunieleza alipozikwa Bahati. Ni nyuma ya shule ya matofali, alisema, na jembe Papa aliliazima kwa mwalimu wa hapo. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha, udongo ulikuwa laini, haukumpa Papa taabu.