Vichaka Tisa vya Lubino

Kwetu magharibi kichaka hiki tunakiita lubino. Wakikuyu wa ploti yetu wanakiita mwinu, na watu wengine wote wa mtaa wetu wa Kianda wanakiita takataka. Ni cha jamii ya kunde, ingawa sijaona mtu akizipika mbegu zake. Hukua hadi kumpita mtu mrefu. Jani lake ni safu mbili za vijani vidogo vinavyotazamana kwenye kikonyo kimoja, na jua likizama vijani hivyo hujikunja. Maua ni ya manjano, yamesimama wima kwenye shina lake, na juu kabisa yapo matumba meusi ambayo bado hayajafunguka. Ganda la mbegu ni bapa, la kahawia, na likikauka hulia ukilitikisa. Ukilisugua jani kiganjani, linanuka karanga zilizoungua.

Najua kueleza hivi kwa sababu niliwahi kufanya kibarua cha kubandika mimea mikavu kwenye karatasi ngumu. Mkubwa wetu alikuwa mkali. Alisema andika ulichokiona, kisha andika ulikokiona, maoni yako peleka nyumbani. Kazi iliisha lakini tabia ilibaki. Mpaka leo nikipita mahali naangalia chini, na watu hudhani nimeangusha sarafu.

Mama alipoanza kusahau, tulimtoa nyumbani tukamleta Nairobi, kwani huko kijijini hakukuwa na mtu wa kumwachia na nyumba yenyewe ilikuwa imeangushwa na mvua. Siku za kazi alikaa kwangu Kianda. Wikendi alikwenda kwa mdogo wangu, mwenye saluni kwenye kituo cha Kawangware 56. Mama alikuwa akipotea kidogo kidogo. Aliuliza choo kiko wapi mara kumi kwa siku, na wakati wa kuoga alinipiga kwa kopo akidai mimi ni mwizi wa nguo. Siku moja nilichuma majani ya lubino kando ya reli, nikayachemsha kama alivyotuogeshea tulipokuwa wadogo wenye vipele. Ile harufu ilipopanda alishusha kopo. Akaniuliza, kwa sauti yake ya zamani, kama nimefunga kuku.

Tangu siku hiyo sikuwa na kazi kubwa kuliko kutafuta lubino. Mjini hapa hakioti popote tu. Hupenda ardhi iliyochokorwa kisha ikaachwa: kando ya reli, ukingo wa mto, nyuma ya duka la hadiwea, uani mwa jengo ambalo mwenyewe aliishiwa kabla ya kuezeka. Kuanzia Soweto West hadi karibu na Kawangware 56 nilipata vichaka tisa. Nikaviandika katika daftari la shule, kila kimoja na ukurasa wake: urefu, maua, mahali, na alama ya kukifikia. Mdogo wangu aliniomba hilo daftari ili naye apate majani ya kumwogeshea Mama wikendi. Nilimpa kwa moyo mweupe. Nilifurahi hata, maana ni nadra yeye kuniomba kitu kinachonihusu.

Kuanzia hapo Mama alibadilika. Jumapili jioni alirudi na udongo kwenye kucha na uso uliochangamka, akiimba. Nilimpigia mdogo wangu simu nikamgombeza kwa kumwacha Mama achezee matope kama mtoto. Alicheka tu. Kisha Mama akaanza kufunga nguo zake ndani ya leso yake ya kujitanda kila asubuhi, anakaa mlangoni na kile kifurushi mapajani, akiniuliza safari ni lini. Nilimwambia hakuna safari. Alinitazama kama mtu anayefichwa jambo, na jioni nikafungua kile kifurushi na kurudisha nguo sandukuni.

Nilikwenda kuchuma majani kando ya reli, ukurasa wa kwanza, nikakuta shimo lililofukiwa. Nikadhani ni vijana wa kusafisha mitaro. Nikaenda kwa kichaka cha pili, shimo. Cha tatu, shimo. Nilivuka Barabara ya Ngong, nikavimaliza vyote tisa kwa mfuatano ule ule nilioviandika, kama mtu anayesomewa daftari lake na adui.

Cha tisa kilikuwa nyuma ya hadiwea na mvua ilikuwa imenyesha. Udongo wa juu ulikuwa umekanyagwa kwa kisigino cha kushoto, mara tatu. Hiyo ni desturi ya kwetu: ukichukua mzizi unaukata upande mmoja tu, unaangusha mbegu shimoni, unafukia, kisha unakanyaga mara tatu kwa kisigino kitupu ili ardhi ijue umeshukuru. Na ule wayo niliujua. Mama huburuta mguu wa kushoto na vidole vinageukia ndani. Nilichuchumaa pale hadi mwenye hadiwea akaja kuniuliza kama naumwa.

Kikulacho ki nguoni mwako, wazee walisema, na mimi nilikuwa nimekifulia na kukipigia pasi.

Saluni ilikuwa na wateja wawili kwenye vikaushio. Kwenye rafu, katikati ya mafuta ya nywele, palikuwa na chupa za unga wa kahawia. Sikuhitaji kunusa. Wateja wake wa kutoka kwetu hawanunui dawa ya mzizi mpaka wahakikishiwe umechimbwa na mama aliyekoma kuzaa. Yeye alikuwa naye mmoja, kila wikendi, bure.

"Sasa unakasirikia nini, dada?" alisema bila kuacha kusuka. "Hiyo mimea ni ya msitu, haina mwenyewe. Na si ni wewe uliandika?"

Nilimwambia kwamba Mama hawezi kung'oa lubino na mzizi wote, hata akisahau jina lake mwenyewe. Nikamuuliza alimdanganya vipi.

"Nilimwambia tunahama, tunarudi nyumbani na mimea yetu. Ungetaka nimwambie nini? Angekubali aje kuchimba?" Kisha akaniangalia. "Na akichimba anaimba, wacha nikuambie. Kwako anaimba?"

Ningeweza kusamehe vichaka. Hata zile chupa ningezisamehe, maisha ya mji ni magumu na kila mtu anakuna anapowashwa. Lakini mimi ndiye niliyekifungua kile kifurushi cha leso kila jioni, nikimwona Mama amechanganyikiwa, kumbe alikuwa anangoja ahadi aliyopewa na mwanawe. Niliona uchungu ambao sijui pa kuuweka. Nilichukua daftari langu chini ya vitana nikatoka, na tangu siku hiyo Mama hajakwenda tena Kawangware.

Bila majani, kuoga kukawa vita tena, mwezi baada ya mwezi. Nikakumbuka kichaka cha kumi. Nilikiona ukingoni mwa mto, chini ya Soweto West, nilipokuwa nimechoka, na sikukiandika kwa uvivu. Juzi asubuhi nilimshika Mama mkono tukateremka polepole, mimi na karai la kuchumia, yeye na kifurushi chake ambacho alikataa kukiacha. Kilikuwepo, kimechanua, matumba meusi juu.

Mama aliachia mkono wangu. Akapiga magoti, akaanza kuchimbua udongo kwa vidole, na akaanza kuimba. Ni wimbo wa kupalilia, sikuwa nimeusikia tangu utotoni. Nilitaka kumzuia, maana hicho ndicho kilichobaki, lakini nilishindwa. Alipoufikia mzizi alisita, akaupapasa, akauliza liko wapi jembe.

"Leo tunakata upande mmoja tu, Mama," nikamwambia.

Alikubali kwa kichwa, kama mtu aliyekumbushwa adabu. Nilimpa kisu cha mboga. Alikata kipande kifupi, akavunja ganda moja kavu, akaangusha mbegu, akafukia. Kisha akavua kandambili ya kushoto na kukanyaga mara tatu, ameniegemea begani. Alinipangusa udongo shavuni na kuniita kitinda mimba wake, jina la mdogo wangu, si langu.

"Huu ndio wa mwisho?"

"Ndiyo."

"Basi tumemaliza." Akaokota kifurushi chake, akakikung'uta. "Tutaondoka lini?"

Maji ya mto yalikuwa yanapita na mifuko yake. Miezi yote hiyo nilikuwa nimemwita mdogo wangu mwongo, kwa jirani, kwa mchungaji, kwa kila aliyekuwa na masikio. Mama alikuwa ananingoja, ananitazama machoni, amechangamka.

"Kesho, Mama," nikasema.